Picha ya redio imechafuka? Hewa ndo imefanya hivyo, na hivi ndo unavyoisafisha

Wakuu, kama umewahi kushusha data ya darubini za redio kama VLA au MeerKAT kutoka kwenye hifadhi zao za wazi, ukaifanyia kalibresheni (kusahihisha makosa ya vipimo) kwa kufuata mafunzo neno kwa neno, afu mwisho ukapata picha ambayo chanzo chako kimezungukwa na miali kama jua lililochorwa na mtoto wa chekechea, basi mwongozo huu ni wako. Mara nyingi dishi halina kosa, softiwea haina kosa, na wewe mwenyewe hujakosea kihivyo. Kilichoharibu ni hewa iliyokuwa inapita juu ya zile dishi siku ile, na hewa ina tabia moja ambayo ukiishika kazi inabaki nusu: ina saa yake. Inabadilika kila baada ya sekunde kadhaa au dakika kadhaa, na kalibresheni yote ni kukimbia kasi kuliko hiyo saa, bila kukimbia sana mpaka ukaanza kupima kelele badala ya hewa. Mengine yote hapa chini ni namna ya kukimbia.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni data ya VLA, ile mitambo ya New Mexico kule Marekani yenye dishi 27 za mita 25 kila moja, kwenye masafa ya 22 GHz, manake hapo ndo maji ya angani yanakuonyesha cha moto. Programu ni CASA, ni ya bure, inapiga kazi kwenye laptopu ya Linux ilimradi una diski ya kutosha na uvumilivu.

Kwanza tuelewane hewa inafanya nini

Wimbi la redio linatoka kwenye kwasari, kiini cha galaksi kinachong'aa sana mbali huko, linafika juu ya angahewa likiwa limenyooka kabisa. Interferometa, yaani dishi nyingi zinazofanya kazi kama darubini moja, inachofanya ni kulinganisha: wimbi lilelile limefika lini dishi A, na limefika lini dishi B. Hiyo tofauti ya kufika tukiihesabu kwa nyuzi za mzunguko wa wimbi tunaiita fezi, na fezi ndo inayobeba habari ya kitu kiko wapi angani na kina umbo gani. Sasa chukulia daladala mbili zimetoka Mwenge dakika moja kwenda Posta kwa njia mbili tofauti. Kama barabara ni nyeupe, tofauti ya muda wa kufika inakwambia njia ipi ndefu na kwa kiasi gani. Foleni ikiingia, hesabu yako imekufa, unadhani njia ni ndefu kumbe kuna trafiki kasimamisha magari.

Hewa kavu ni foleni ya kila siku inayojulikana. Usawa wa bahari inachelewesha wimbi linalotoka utosini kwa kama mita 2.3 za njia, ni nyingi, lakini imetulia, inahesabika kwa presha na inaondolewa mapema kabla hata data haijakufikia. Mvuke wa maji ndo bodaboda iliyoanguka katikati ya barabara: kuchelewesha kwake ni sentimita chache hadi thelathini na kitu, kidogo ukilinganisha, ila mvuke haujachanganyika vizuri na hewa, unatembea kwa mabonge, bonge liko juu ya dishi hili saivi na dakika moja baadaye liko juu ya lile.

Namba moja ya kukariri: ukichukua mvuke wote ulio juu ya dishi ukaugeuza maji, kila milimita 1 ya hayo maji inaongeza njia ya wimbi kwa kama milimita 6.5. Kwenye 1.4 GHz wimbi lina sentimita 21, kwa hiyo hiyo milimita ya maji inasogeza fezi nyuzi 11 hivi, unaweza hata usione. Kwenye 22 GHz wimbi lina milimita 13.6, kosa linakuwa karibu nusu mzunguko mzima. Kwenye 43 GHz ni karibu mzunguko wote. Na kwenye 230 GHz, wanakofanya kazi ALMA, darubini nyingine ya dishi nyingi, tofauti ya maji ya milimita 0.05 tu, unene wa karatasi hata haufiki, inatosha kukuhamisha nyuzi 90. Ndo maana ALMA waliipandisha mpaka Chajnantor, Chile, mita 5,000 juu, jangwani, mahali ambapo hata kupumua ni shida.

Na ushike hili: kinachouma ni tofauti. Kama dishi zote zingekuwa chini ya mvuke uleule kwa kiasi kilekile, zote zingechelewa sawa na interferometa isingejua lolote. Kwa hiyo dishi zilizo karibu zinaona hewa inayofanana na zinatulia, zilizo mbali kila moja ina hewa yake na zinacheza ngoma tofauti. Kosa linakua kadiri beizilaini, yaani umbali kati ya dishi mbili, inavyorefuka, mpaka kilomita kadhaa ambapo linaacha kukua kwa kasi.

Hatua ya 1: Mjue adui kwa masafa

Chini ya 1 GHz au hapo hapo, tatizo lako kubwa ni ionosfia, elektroni zilizo juu kilomita mia kadhaa. Juu ya 5 GHz na kuendelea ni troposfia, mvuke wa maji kwenye kilomita chache za chini. Katikati hapo, 1 hadi 4 GHz, kuna unafuu, na ndo maana wanaoanza wanapewa data ya hapo wanadhani kazi ni rahisi.

Kama huna uhakika, kuna kipimo cha kuwatofautisha. Mvuke unachelewesha masafa yote sawa, kwa hiyo fezi inakua masafa yakipanda. Ionosfia ni kinyume, fezi inakua masafa yakishuka. Ukiwa na upana wa kutosha wa masafa chora fezi kwa kila dirisha la masafa, uone upande gani unacheza zaidi, utapata jibu bila kubahatisha.

Hatua ya 2: Angalia kabla hujagusa

Hii ndo hatua watu wanairuka, na mimi niliiruka.

Piga listobs (hizi zote ni amri za CASA) usome skani, yaani vipande vya uangalizi, zimepangwaje, na kalibreta, yaani chanzo kinachojulikana cha kulinganishia, inaangaliwa kila baada ya dakika ngapi. Piga plotweather uone upepo, joto, unyevu. VLA wana pia kifaa chao kidogo chenye beizilaini ya mita 300 ambacho kazi yake ni kukodolea macho satelaiti iliyosimama angani na kupima fezi inavyotikisika, na hiyo namba ndo inayotumika kuamua leo tupige masafa ya juu au tuyaache. Ukiikuta kwenye kumbukumbu za siku yako, isome.

Halafu fungua plotms, weka kalibreta ya fezi peke yake, fezi upande wa wima, muda upande wa mlalo, beizilaini zote zenye dishi moja la katikati, rangi kwa kila dishi. Sasa kaa utazame. Dishi za karibu na katikati zitakupa vistari vilivyotulia, kila skani kistari kimoja kama umepiga rula. Ukienda kwenye ncha za mikono ya ile Y ambayo dishi za VLA zimepangwa, vistari vinaanza kujikunja, ndani ya skani moja ya sekunde 60 fezi inapanda nyuzi 40, inashuka 25, inapanda tena, na ikigonga 180 inatokea chini kwenye -180 kama nyoka aliyeingia shimo moja akatokea jingine. Hiyo ni hewa. Inajulikana kwa kuwa haina ghafla, inapinda, na inakua na umbali.

Kitu ambacho siyo hewa: dishi moja limeruka nyuzi 70 ghafla kati ya nukta mbili afu likatulia hapo hapo, wakati jirani yake wa mita chache wala hana habari. Hiyo ni elektroniki, kata hapo muda husika au ruhusu suluhisho lianze upya.

Mara yangu ya kwanza mi niliona dishi za ncha zinacheza, nikasema hizi mbovu, nikaziflagi zote, yaani nikaziwekea alama zisitumike, saba nzima. Picha ikatoka safi kweli kweli, nikafurahi, mpaka nilipoona vyanzo viwili nilivyotakiwa kuvitenganisha vimekuwa kidonge kimoja. Kumbe nilichotupa ndo beizilaini ndefu zenyewe, na ndo zinazoleta ukali wa picha. Kwa hiyo usiflagi dishi kwa sababu linacheza, liflagi kwa sababu limekufa au linadanganya.

Hatua ya 3: Dishi la rejea

Fupi tu. Chagua dishi la karibu na katikati, lenye data muda wote, lisiloruka. Fezi zote zitapimwa kutoka kwake, likiwa nchani utaibebesha mitambo yote hewa ya dishi moja. Na hakikisha siyo lile linalofunikwa na jirani yake dishi zikiinama, manake kwenye mpangilio wa D wa VLA, ule uliobana kuliko yote, ambapo kila kitu kiko ndani ya kilomita moja, dishi zinazibana.

Hatua ya 4: Fezi fupi kabla ya bandipasi

Bandipasi, yaani kusahihisha namna mitambo inavyopokea kila chaneli ya masafa, inataka uunganishe dakika kadhaa za kalibreta inayong'aa ili upate umbo la kila chaneli. Tatizo ni kwamba katika dakika hizo tano hewa imeshatembea, na ukijumlisha mawimbi ambayo fezi zake zimetawanyika yanaanza kuuana yenyewe kwa yenyewe. Kinachobaki ni e kwa kipeo cha hasi nusu ya sigma mraba, sigma ikiwa mtawanyiko wa fezi kwa radiani. Kwa lugha ya sokoni: fezi ikitawanyika nyuzi 30 unabaki na asilimia 87 ya nguvu, ikitawanyika 40 unabaki na 78, ikitawanyika 60 unabaki na 58. Umepoteza karibu nusu na hakuna mtu aliyekuibia.

Kwa hiyo kwanza suluhisha fezi peke yake kwa muda mfupi kuliko yote, kila nukta ya data, kwenye kalibreta hiyo (solint ni muda wa kila suluhisho, refant ni dishi la rejea):

gaincal(vis='data.ms', caltable='fezi_bp.g', field='3C84', refant='ea10', calmode='p', solint='int', minsnr=3)

Kisha ile bandipasi uipe hilo jedwali kwenye gaintable, pamoja na la diley (ucheleweshaji wa mitambo yenyewe), ili inapojumlisha iwe inajumlisha mawimbi yaliyonyooshwa. Hili jedwali la kwanza ukishamaliza bandipasi unalitupa, kazi yake imeisha.

Hatua ya 5: Majedwali mawili ya fezi, siyo moja

Hapa ndo pana mtego ambao nimeona watu wazima wakiangukia. Unataka geini (kipimo cha ukuzaji wa kila dishi) za amplitudo, yaani ukubwa wa wimbi, kwa kila skani, unapiga calmode='ap' na solint='inf', mchezo umeisha. Haujaisha. Ndani ya skani fezi ilikuwa inatembea, kwa hiyo amplitudo uliyopata imeshapunguzwa na ule uuaji wa hatua iliyopita. Na haipunguzwi sawa kila mahali. Tuseme kalibreta ya mng'aro, 3C286, ilipigwa hewa imetulia na yenyewe ikiwa juu angani, ikapoteza asilimia 5, na kalibreta yako ya fezi ilipigwa saa nane mchana mabonge yanafurika, ikapoteza 22. Ukilinganisha hizo mbili kwenye fluxscale utaambiwa kalibreta yako ni hafifu kuliko ilivyo kweli, na chanzo chako kitarithi huo uongo kimyakimya, hamna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini.

Dawa ni hii. Jedwali la kwanza: fezi peke yake, solint='int', kwa kalibreta zote. Jedwali la pili: fezi peke yake tena, solint='inf', wastani wa skani. Jedwali la tatu: amplitudo na fezi, solint='inf', ila lile la kwanza likiwa limeshapakwa ndani ya gaintable. Wakati wa applycal (kupaka suluhisho kwenye data), kalibreta zinapewa la kwanza na la tatu. Chanzo chako kinapewa la pili na la tatu, interp='linear', kwa sababu huwezi kuhamisha mtikisiko wa sekunde tatu kutoka upande mmoja wa anga kwenda mwingine, unahamisha ule mwendo wa polepole tu. Na 3C286 kwenye dishi zilizotawanyika mbali siyo nukta, ina umbo, kwa hiyo setjy uipe modeli yake ya picha, usiichukulie kama tone.

Kabla hujaendelea, kwenye 22 GHz kuna kingine, mvuke haucheleweshi tu, unameza wimbi pia na kuongeza kelele. 22.2 GHz ndo mstari wenyewe wa maji. Piga plotweather ikupe kiasi cha kumezwa kwa kila dirisha la masafa, afu gencal na caltype='opac'. Chanzo kikiwa nyuzi 30 kutoka upeoni wimbi linapita hewa mara 2 ya ile ya utosini, kikiwa nyuzi 20 ni karibu mara 3. Data ya chini ya hapo mi naiangalia kwa jicho la mkopeshaji.

Hatua ya 6: Kama we ndo unayeomba muda wa darubini

Wengi tunakula data za wengine, lakini siku ukiomba zako, swali ni urudi kwenye kalibreta kila baada ya muda gani. Hesabu ni nyepesi. Chukulia mabonge ya mvuke hayabadiliki umbo, yanasukumwa tu na upepo, tuseme mita 10 kwa sekunde. Ukienda kwa kalibreta na kurudi kila dakika 4, hewa inatembea mita 2,400 kwa mzunguko, na nusu yake ni 1,200. Maana yake beizilaini zote ndefu kuliko kilomita 1.2 zitabaki na kosa kama la beizilaini ya kilomita 1.2, hata kama ni za kilomita 36. Fupisha mzunguko uwe dakika 2, inakuwa mita 600. Ongeza juu ya hapo umbali unaotokana na kalibreta kuwa pembeni angani, kwa hiyo kalibreta dhaifu kidogo iliyo nyuzi 2 kutoka kwa chanzo mara nyingi ni bora kuliko jitu linalong'aa lililo nyuzi 12.

Gharama yake ni muda, manake dishi la tani mia mbili na kitu halirukiruki kama kuku. Ukifanya mzunguko mfupi sana nusu ya masaa yako inaishia dishi likigeuka.

ALMA wao wamekata shauri jingine. Kila dishi lao la mita 12 lina redio ndogo inayosikiliza mstari wa maji wa 183 GHz kila sekunde hivi, inakadiria maji yaliyo mbele ya dishi, na amri ya wvrgcal inageuza hiyo kuwa fezi na kuitoa. Ukipewa data ya ALMA chora fezi kabla na baada, utaona nyoka amenyooka. Mawingu ya matone yakiwepo inachanganyikiwa kidogo, manake inasoma mvuke, matone yana tabia nyingine.

Hatua ya 7: Piga picha, usome makosa yake

Piga tclean (amri ya kutengeneza na kusafisha picha) nyepesi, raundi chache. Usikimbilie kuisafisha sana, unataka kuona uchafu wenyewe. Ukiona kuzunguka chanzo kikali kuna miali ambayo upande mmoja ni chanya na upande wa pili, ukivuka katikati, ni hasi, hiyo ni fezi. Ikiwa pande zote mbili zinafanana, chanya kwa chanya, hiyo ni amplitudo, rudi hatua ya 5 au tafuta dishi bovu. Kosa la fezi la nyuzi 10 linachafua picha sawa na kosa la amplitudo la karibu asilimia 17, ndo maana fezi inashughulikiwa kwanza kila siku.

Ishara nyingine ni chanzo cha nukta kuvimba na kilele chake kushuka huku jumla ya mng'aro ikibaki karibu ileile kwenye beizilaini fupi. Na chanzo kuhamahama: ukikata data yako vipande vya nusu saa ukapiga picha kila kipande, kitu hakikai sehemu moja. Jaribu siku moja, ziweke hizo picha zifuatane haraka haraka, utakiona kinayumba kama taa ya karabai kwenye ngalawa.

Hatua ya 8: Selfkali, na breki zake

Sasa unageuza chanzo chenyewe kuwa kalibreta yake. Inasikika kama mshitakiwa kujihukumu, lakini inakubalika kwa hesabu: VLA ina dishi 27, zinazaa beizilaini 351. Hewa inakosea kwa dishi, siyo kwa beizilaini, kwa hiyo kwa kila wakati kuna fezi 26 tu zisizojulikana (la rejea linahesabiwa sifuri) dhidi ya vipimo 351. Mwanzo wake uko kwa Roger Jennison, Muingereza wa Jodrell Bank, aliyeandika mwaka 1958 kwamba ukijumlisha fezi za beizilaini tatu zinazofunga pembetatu, makosa ya dishi yanajifuta yenyewe kwa yenyewe.

Utaratibu: safisha picha kijuujuu, modeli iwe na vile tu ambavyo ungevitetea mbele ya watu. Anza na calmode='p', gaintype='T', combine='spw' kama chanzo ni hafifu, solint ndefu, tuseme dakika 3. Paka, piga picha, pima kelele. Imeshuka? Safisha zaidi kidogo, shusha solint iwe dakika 1, kisha sekunde 30. Amplitudo mwisho kabisa, kwa muda mrefu, na kwa shingo upande.

Utashusha hadi wapi? Chukua kelele ya picha, zidisha kwa kipeuo cha pili cha idadi ya dishi ukitoa 3, zidisha tena kwa kipeuo cha pili cha muda wote ukigawa kwa solint. Kilele cha chanzo kinatakiwa kiwe zaidi ya mara 3 ya hiyo namba. Mfano: kelele mJy 0.1 (milijanski, uniti ya mng'aro wa redio), saa moja ya data, dishi 27, solint sekunde 30. Unapata kama mJy 5.4. Chanzo chako kina kilele cha mJy 40, una mara 7, endelea. Ukishuka mpaka sekunde 5 namba inakuwa 13, una mara 3 tu, hapo ni ukingoni, ukipita unakalibresha kelele. Na kelele ukiikalibresha kwa bidii inakutengenezea chanzo katikati ya picha, palepale ulipokitarajia, kizuri na chenye kung'aa. Huo ndo ugonjwa mbaya zaidi kwa sababu unafanana na mafanikio.

Halafu ujue selfkali inafuta habari ya mahali halisi. Kama unachotafuta ni kitu kiko wapi hasa, nafasi ichukue kwenye picha ya kabla.

Hatua ya 9: Ukishuka chini ya 1 GHz

Hapa mchezo unabadilika. Kipimo ni TEC, yaani wingi wa elektroni, uniti 1 ni elektroni trilioni elfu kumi zilizosimama juu ya kila mita mraba. Tofauti ya uniti 1 kati ya dishi mbili kwenye 1.4 GHz ni karibu mzunguko mmoja wa fezi. Kwenye 150 MHz ni mizunguko 9. Hata mia moja ya uniti hapo inakupa nyuzi 32. Na bado elektroni zikishirikiana na usumaku wa dunia zinazungusha pembe ya polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao wimbi linatikisika: mzunguko wa radiani 1 kwa mita mraba, ambao ni wa kawaida, ni nyuzi 2.6 tu kwenye 1.4 GHz lakini zaidi ya 220 kwenye 150 MHz. CASA wana tec_maps inayoshusha ramani za TEC zilizotokana na GPS, unazipaka kwa gencal caltype='tecim'. Zinasaidia polaraizesheni, ila ni ramani pana mno, usitegemee zikunyooshee fezi za dakika kwa dakika.

Tatizo kubwa zaidi ni upana wa uwanja. Kwenye masafa ya chini dishi au antena inaona kipande kikubwa cha anga, kwa hiyo chanzo cha kushoto kinapita elektroni tofauti na cha kulia, suluhisho moja kwa dishi haliwatoshi wote. Ukinyoosha katikati, pembeni panachafuka. Hapo unagawa uwanja vipande, kila kipande na chanzo chake kikali cha kukikalibresha, kama alivyofanya Huib Intema na programu yake ya SPAM kwenye data ya darubini ya GMRT ya India, na kama darubini ya LOFAR kule Uholanzi wanavyofanya kila siku. Ni kazi ya kompyuta kubwa, laptopu yako itaomba poo.

Wakati mwingine uchafu wenyewe una faida. Mwaka 2015 Cleo Loi na wenzake walichukua data ya darubini ya MWA, Australia Magharibi, wakaangalia vyanzo vinavyosogezwa huku na kule na ionosfia, wakakuta misogeo imejipanga kwa mistari, na mistari ikawa ni mabomba marefu ya plazma yaliyofuata sumaku ya dunia. Wengine wangesema ni kalibresheni mbaya.

Na kwetu huku hili siyo la mbali. Kenya na Msumbiji ni washirika wa Afrika kwenye mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na anga ya Afrika Mashariki iko kwenye ukanda wa ikweta ya sumaku, ambako jua likizama mapovu ya elektroni chache yanapanda juu na kuvuruga mawimbi kwa masaa, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Muulize mpima ardhi yeyote anayetumia GPS ya kupima kwa sentimita, atakwambia jioni kuna siku kifaa kinakataa kushika. Interferometa ikijengwa kwenye ukanda huu itakutana na hilohilo.

Hatua ya 10: Ikishindikana

Kuna siku hewa imeshinda. Kalibreta haishiki kwenye dishi za ncha hata kwa solint='int', selfkali haina nguvu ya kutosha. Usilazimishe. Angalia fezi ya kalibreta saa kwa saa, mara nyingi usiku wa manane na alfajiri ziko tulivu na mchana ndo fujo, jua likichemsha ardhi mabonge yanapanda. Bakiza masaa tulivu tupa mengine, picha ya masaa 2 nzuri inaishinda ya masaa 5 chafu. Au punguza uzito wa beizilaini ndefu kwa uvtaper, unakubali picha butu zaidi lakini ya kweli.

Na kabla ya kila hatua ya kuflagi au applycal piga flagmanager mode='save', upe jina lenye tarehe. Mi ile siku ya dishi saba sikuwa nimesave, na nakala ya pili sikuwa nayo, nikaanza kushusha faili lilelile upya kwa bando la usiku, kila siku nalala nikiliacha kwenye asilimia fulani naamka nakuta limekatika.